Uso Wangu Siku Kumi na Nne

Jumapili, 14 Mei

Bismillahi. Asalaam aleikum. Sijui kuanza kuandika bila salamu, maisha yangu yote nimeandika barua tu. Basi nakusalimu wewe marehemu baba Izzati, Mungu akulaze pema, kaburi lako nimelifagia Ijumaa kabla sijapanda basi. Namsalimu mdogo wangu Rohani na goti lake. Namsalimu mumewe Jamil, aache kupanda mnazi, umri umekwenda. Namsalimu binti yao Husna, mwali wetu, harusi yake Jumamosi ya tarehe kumi Juni inshallah. Nawasalimu paka wangu wawili na kuku wote, na jirani Bi Kalsom aliyebaki na ufunguo. Mimi sijambo. Niko Kuala Lumpur kwa binti yangu Izzati, ghorofa ya ishirini na mbili.

Daftari hili kanipa yeye. Kasema kila asubuhi niandike uso unajisikiaje. Naandika kwa herufi za Kiarabu, ndizo nilizofundishwa chuo cha Kurani, shule ile nyingine niliishia darasa la tatu. Yeye hizi hazisomi. Basi daftari ni langu.

Shughuli yenyewe ni hii. Izzati anauza maski ya usiku. Si ya kitambaa — ni jeli, iko ndani ya kopo, unajipaka kabla ya kulala na unaamka nayo. Anataka uso wa kupiga picha, kabla na baada, siku kumi na nne. Nikamwambia uso huu una miaka sitini na moja, tafuta msichana. Akacheka. "Wasichana kila muuzaji anao, Mama. Uso kama wako hana mtu."

Amecheka. Mwaka jana walipompunguza kazini alilala miezi minne anatazama ukuta. Nilikuja nikamlisha uji kwa kijiko, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili. Kwa kicheko kile hata tope nitajipaka.

Masharti: nisitoke juani. Nisipake kitu kingine chochote. Dirisha lifungwe, kiyoyozi kiwake usiku kucha, nyuzi kumi na nane.

Jumatatu, 15 Mei

Sikulala. Kiyoyozi kiko juu ya kitanda, kinanipulizia kichwani moja kwa moja. Jeli ilikauka ikanibana kama gundi ya bahasha. Kugeuka siwezi, itafutikia kwenye mto. Nililala chali kama maiti.

Nje ni mvuke mtupu, nguo za jana kwenye kibaraza bado mbichi. Ndani baridi ya chumba cha kugandishia samaki. Kioo cha dirisha kinatoka jasho kwa nje. Nikapitisha kidole, nikakumbuka niko ndani, jasho halifutiki.

Izzati kauliza, vipi uso? Nikasema umepoa. Si uongo.

Jumanne, 16 Mei

Nilitaka kushuka chini nione watu. Lifti haiendi bila kadi. Kadi moja anayo mkwe wangu Fakhrul, yuko kazini, nyingine Izzati, kaenda kuchukua makopo. Ya tatu imeagizwa. Nikakaa kibarazani kwenye kivuli. Nilihesabu magari mpaka nikachoka.

Jumatano, 17 Mei

Mashavu mekundu. Kuzunguka mdomo kunawasha, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Izzati kanimulika kwa tochi ya simu. Kisha akasema, "Ngozi inatoa uchafu, Mama. Wote hupitia hapa. Usikwaruze tu."

Fakhrul akapita na kikombe chake: "Mama tumemweka kwenye friji, ataharibika vipi?" Nilicheka. Izzati hakucheka. Nikaona uso wake ule wa mwaka jana unataka kurudi, pale pale jikoni.

Nikamwambia uso hauniwashi tena.

Alhamisi, 18 Mei

Jana usiku niliamka nikazima kiyoyozi. Rimoti inalia, nikaibonyeza chini ya blanketi. Nikaingia bafuni nikaiosha jeli yote. Usiku mmoja tu, nilijiambia, uso upumue.

Ijumaa, 19 Mei

Haukuwa usiku mmoja.

Kiyoyozi kikizimwa joto linarudi upesi, jasho linatiririka mpaka shingoni. Basi nikatoa poda yangu baridi. Nilikuja nayo ndani ya kikopo, katikati ya nguo za kusalia, kama ninavyokwenda nayo popote. Mchele wangu mwenyewe, niliuloweka wiki tatu nikibadilisha maji mpaka ukachachuka, nikausaga, nikaudondosha matone matone kwenye jani la mgomba ukakauka juani. Vidonge vinne na maji kidogo. Tangu nilipovunja ungo nalala nayo. Marehemu alikuwa akisema ameoa mzimu, mchana ndipo anamwona mke.

Nililala usingizi wa kweli.

Kabla ya alfajiri nanawa, najipaka jeli kidogo nionekane nang'aa, nawasha kiyoyozi, narudi kitandani. Izzati akija kugonga ananikuta baridi kama anavyotaka. Nimekuwa mwizi wa uso wangu mwenyewe.

Jumatatu, 22 Mei

Izzati kasema, "Nisomee ulichoandika, Mama." Nikafungua daftari. Nikasoma: uso laini, nashukuru, maumivu sina. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililoandikwa. Macho yalikuwa kwenye ukurasa wa poda.

Alinishika mkono akaubusu.

Alhamisi, 25 Mei

Wekundu umekwisha kabisa. Kadi ya tatu imekuja lakini kuna sharti la jua. Nilishuka saa moja jioni, nikazunguka bwawa la kuogelea mara mbili, mlinzi akanisalimu. Nikarudi.

Jumapili, 28 Mei

Picha ya mwisho. Kaweka ile ya kwanza na hii ya leo pamoja kwenye simu, akakaa chini sakafuni. "Mama, tazama. Tazama mwenyewe." Ni kweli. Uso umetulia, weupe wa kupendeza, hata makunyanzi ya kando ya macho yamelala. Ndivyo unavyokuwa siku zote nikiwa nyumbani na nalala vizuri. Ile ya kwanza ndiyo haikuwa yangu — nilikuwa nimetoka kwenye basi, mwendo wa saa nne, na wiki nzima kabla yake nilikuwa kwa Rohani nakaanga viungo vya harusi.

Fakhrul kasema, "Nikikutana na wewe sokoni nitakuita dada, halafu nitapigwa na mke wangu."

Nikajaribu. Nikasema, Izzati mwanangu, labda si maski peke yake.

"Labda nini?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yote.

Labda ni kupumzika, nikasema. Labda ni kuwa karibu na wewe.

Akanikumbatia. Mungu anisamehe.

Jumanne, 30 Mei

Tangu picha zangu ziingie mtandaoni makopo yamekwisha, yameagizwa mengine. Simu yake hainyamazi. Sebule imejaa maboksi, tunakula wali wetu tumekaa juu ya maboksi. Wanaonunua zaidi ni wanawake wa kwetu — wananijua. Bi Kalsom kapiga simu: "Ewe mwanamke, uzee umeuacha wapi? Kuku wako hawatakutambua." Kanunua na yeye, na binti zake wawili.

Husna kanunua makopo mawili. Kanipigia kwa furaha. "Mama Mkubwa, napaka nene kama wewe. Nataka siku ya harusi nifanane na wewe."

Nikamwuliza, unalala na nini, feni?

"Feni, na dirisha nimefunga kwa sababu ya mbu. Kiyoyozi tutakitoa wapi Mama Mkubwa?"

Chumba kile nakijua. Bati juu, mbao pande zote, mvua ikinyesha mchana usiku unakuwa kama ndani ya chungu cha mvuke. Jeli ile haiwezi kukauka mle. Itakaa na jasho mpaka asubuhi.

Nilimwambia apake kidogo. Kidogo tu, nikasema, mara moja kwa wiki inatosha. Akacheka, "Lakini wewe ulipaka kila siku."

Alhamisi, 1 Juni

Rohani kapiga simu ya kuonana. Akamvuta Husna mbele ya simu. Mwana wa watu! Paji la uso lote na mashavu, vipele kama punje za sago, vingine vina usaha. Macho yamevimba kwa kulia.

Rohani: "Dada, na wewe ulipata hivi?"

Kidogo, nikasema. Siku ya tatu.

Kweli na uongo kwenye sahani moja.

Rohani akasema mpambaji alikuja asubuhi kutazama uso wa bibi harusi, akasema ngozi ya namna hii yeye haigusi, atafute mtu mwingine. Upande wa bwana harusi wanakuja Jumapili kuleta vitu. "Mama mkwe wake ana mdomo, Dada. Unamjua. Atasema tumeficha kuwa mtoto ana maradhi."

Izzati akanipokonya simu kwa upole. "Usilie mdogo wangu. Ngozi inatoa uchafu. Mama alipitia haya haya, siku ya tatu, mwulize. Ukiacha katikati ndipo unaharibu. Wewe ongeza. Paka na mchana."

Husna akajifuta pua. Akaniuliza mimi, si yeye. "Kweli, Mama Mkubwa?"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikasema ngoja niangalie sufuria, inaungua. Haikuwa inaungua. Nikaondoka.

Baada ya magharibi nikamfuata Izzati sebuleni nimwambie kweli. Niliyapanga maneno kwenye mswala. Alikuwa anafunga maboksi huku anaimba kwa pua. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Unajua Mama, mwezi mzima sijalala mchana hata siku moja."

Nikasema najua.

"Nilidhani nimekwisha. Wewe ulidhani?"

Hapana, nikasema.

"Ulidhani." Akatabasamu. "Nipe utepe."

Nikampa utepe. Nikakaa nikafunga maboksi naye. Thelathini na moja, kwa mikono yangu hii.

Ijumaa, 2 Juni

Leo baada ya sala ya Ijumaa kuna laivu, watu watatutazama moja kwa moja kwenye simu zao. Saa tisa. Mimi ndiye mgeni. Kaninunulia ushungi wa rangi ya pichi, kasema unaupa uso nuru. Nitakaa mbele ya taa ya duara nieleze nilivyokuwa nikipaka, siku kumi na nne, kwa maneno yangu. "Usiogope, Mama, ongea kama unavyoongea na Rohani."

Niko chumbani, nimejifungia, nasema navaa. Kiyoyozi kinawaka, magoti yananiuma.

Nimemwandikia Rohani. Herufi zile za simu zinanichukua muda, lakini sauti siwezi kumtumia, kuta za huku ni nyembamba. Nimeandika: Mdogo wangu, mwoshe Husna uso sasa hivi kwa maji matupu, asipake tena, asisikilize mtu, afungue dirisha. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Niliandika, mimi sikuipaka, niliiosha tangu siku ya tatu. Nikautazama. Rohani hana siri, kabla ya alasiri kijiji kizima kitajua, na Izzati atakuwa tapeli mbele ya kila mwanamke aliyemwona akizaliwa. Nikaufuta. Nikatuma uliobaki.

Amejibu sasa hivi. "Lakini Izzati kasema aongeze, na wewe uliipaka ukapona. Tumsikilize nani, Dada?"

Saa tisa kasoro dakika mbili. Izzati anagonga.

Nikasema nabana pini.

"Watu mia nne wameingia, Mama! Hata Bi Kalsom yumo, anaandika kwa herufi kubwa kama anagombana." Sauti yake nyepesi, ya msichana. "Na Husna yumo. Anauliza apake kabla hajaoga au baada. Njoo umjibu wewe, atakuamini."

Naandika nimesimama. Mstari ule nimeuandika upya kwenye simu, uko pale, haujaenda. Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kutuma.

Simu imelia tena mkononi. Ni Rohani. "Dada, mtoto ameshafungua kopo. Nijibu upesi."