Maji Yaliyoganda Kwenye Gari la Meno

Jumatatu, 7 Julai

Niko tena chini ya gari, mgongo kwenye nyasi zenye barafu. Bomba la sinki limepasuka. La pili tangu Alhamisi.

Gari lenyewe lilikuwa la watalii, la kulala safarini. Sasa ni kliniki ya meno na mimi ndiye tabibu wake. Bila maji sing'oi jino. Ijumaa natakiwa Mtowisa. Mwezi uliopita nilishindwa kwenda kwa balaa hili hili, watu wakasubiri juani kutwa nzima. Naona aibu mpaka leo. Huko bondeni wanatokwa jasho, sisi huku Sumbawanga maji yanaganda bombani. Nani atanielewa?

Jumanne, 8 Julai

Fundi Kapele kabadilisha bomba. Dawa ni moja, kasema: kila jioni fungua koki ya chini, mwaga tangi lote, iache wazi mpaka asubuhi. Bomba tupu haligandi.

Saa kumi na moja nimemwaga. Mama mkwe kapita, kaona maji yanatiririka uani, kaguna. Sikumjali. Nina baridi, nina hasira.

Jumatano, 9 Julai

Limepasuka! Hilo hilo jipya!

Nimempigia fundi. Nimemwita tapeli, nimesema kaniwekea bomba bovu. Kakata simu.

Mchana kapiga simu mtu wa Mtowisa, dada yake Mama Pendo, mgonjwa wangu. Shavu la Mama Pendo limevimba, halali. Zahanati wamempa vidonge, jino lenyewe linanisubiri mimi. Nimesema nakuja. Nakuja na nini? Nimelia jikoni, moshi ukawa kisingizio.

Alhamisi, 10 Julai

Fundi kaja asubuhi. Salamu hakuna. Kafunga bomba lingine, kaondoka.

Nimemwaga tangi mapema, saa kumi. Saa kumi na mbili natoka kuanua nguo, namkuta mama mkwe kando ya gari, ndoo mkononi, anamimina maji tangini kwa chupa iliyokatwa kitako. Koki keshaifunga.

Kumbe juzi ni yeye!

Na aliyeanza kufoka ni yeye. "Mke wa mwanangu, kwenu chombo cha maji kinalala kikavu? Akija mgeni ana kiu utampa nini? Na koki unaiacha wazi! Nakusitiri tu, watu wasikuseme."

Kateka mwenyewe kisimani, na magoti yale. Nilitaka kupiga kelele. Sauti iliyotoka ni, "Mama, maji yakiganda yanavimba, yanapasua bomba."

Kanitazama. "Si ungesema?"

Kweli, sikusema. Nimemwambia fundi, nimemwambia bosi kazini, mwenye boma sikumwambia. Miaka sita naishi kwake, na bado nampita uani kama mpangaji. Inauma kuandika hivyo.

Tumefungua koki pamoja. Katia mdomo kwenye bomba la sinki, kapuliza mpaka tone la mwisho, meno hana ila pumzi anayo. Ndoo mbili tumezijaza, tumeziweka jikoni karibu na mafiga. Mgeni na aje.

Nimempigia Kapele kumwomba radhi. Hakupokea. Jumapili nitamfuata kwake.

Ijumaa, 11 Julai

Bomba ni zima. Nimejaza tangi jua lilipochomoza, nikashuka bondeni polepole, barabara mbovu kupita kiasi.

Mama Pendo alikuwa wa kwanza. Jino lilikataa, kisha likakubali. Kasukutua mara tatu, katema. Kaenda kukaa kwenye benchi la wanaosubiri, kaegemea bega la dada yake, kalala.

Foleni ilikuwa ndefu, benchi moja tu. Wengine walisimama. Hakuna aliyemwamsha.