Nilimsimamisha Mzee Masanja kama Maksai

Bandarini, Dar es Salaam

Kwako Baba,

Shikamoo, Tata. Najua umekasirika, lakini shikamoo nimeitanguliza na naomba uipokee hata kama hutaki kupokea simu. Mvua imefika hapo Nyansurura, au bado mnaangalia mawingu ya Mugumu tu? Goti la Mama je? Na yule maksai wetu Mabaka, kwato lake limepona? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na joto la huku nimelizoea, isipokuwa mchana.

Ninaandika kwa sababu unanijua. Kwenye simu mimi ni "ndiyo Baba, ndiyo Baba" mpaka salio linakata na hakuna nilichosema. Kwenye karatasi hunioni nikiinama, kwa hiyo nitasema yote.

Mwita, yule mtoto wa jirani anayelinda geti la huku bandarini, alikupigia akakwambia nimemtukana mzee wa watu redioni, bandari nzima ikisikia. Ukatuma ujumbe kwamba nipande basi nirudi kabla sijakuharibia jina. Baba, alichosema Mwita ni kweli. Ila hajui yote, na sehemu mbaya zaidi ndiyo asiyoijua.

Nianze na kazi yenyewe. Meli inakuja na makontena, yale masanduku ya chuma ambayo nyumba yetu ingeingia ndani na kuku wakabaki na pa kutembea. Winchi inayainua kutoka melini na kuyaweka juu ya malori. Dereva wa winchi anakaa juu kabisa kwenye kibanda cha vioo, na kutoka huko anaona kofia zetu kama punje za mtama zilizomwagika. Hawezi kujua nani kasogea wapi. Kwa hiyo lazima mtu wa chini awe macho yake, amwambie redioni: shusha, subiri, inua, simama. Mtu huyo ni mimi. Bado niko fildi ya chuo, najifunza kazi kwa vitendo, na fildi ikiisha ndipo wataamua kama nabaki au natafuta kwingine.

Anayenifundisha ni Dada Rehema, supavaiza wetu. Ni mwembamba, ila sauti yake inafika melini bila redio. Siku ya kwanza alinishika bega akasema, "Sikia, mtoto. Mzigo ukining'inia, chini yake hapiti mtu. Awe mkurugenzi, awe mumeo, hapiti. Dereva wa lori anashuka, anasimama kwenye mstari wa njano, ndipo unasema shusha. Na redioni ni neno moja tu. Sawa?"

"Sawa, dada."

Baba, hilo neno moja ndilo lililonishinda. Dereva wa winchi yetu ni Mzee Masanja, ana mvi mpaka kwenye nyusi, nadhani anakuzidi umri wewe. Sasa mimi, mtoto wako, nimwambie mtu kama huyo "shusha"? Nikabonyeza redio nikasema, "Shikamoo, mzee."

Kontena linaning'inia angani, linazunguka kidogokidogo.

"Marahaba," sauti ikajibu. "Nani huyo?"

"Ni mimi, huku chini. Kama hutajali, mzee, naomba ushushe kidogo."

Kumbe redio ile inasikika winchi zote. Watu walicheka mpaka mmoja akakohoa redioni. Dada Rehema alikuja mbio. "Ghati! Tani zinaning'inia hapo juu, wewe unaamkia?"

"Sikumwamkia asubuhi, dada."

"Muamkie saa ya chai!"

Tangu hapo jina langu likawa Shikamoo. "Shikamoo, kuna maandazi huku!" "Shikamoo, riflekta yako umevaa nyuma mbele!" Mzee Masanja ndiye aliyefurahi peke yake. Nikiita anajibu, "Marahaba mwanangu, nyumbani hawajambo? Haya, linakuja." Dada Rehema anajishika kichwa.

Nikwambie jambo la aibu. Chuoni masomo haya ya usalama tulisoma kwa Kiingereza na mimi ndiye niliyeongoza darasa. "Stop" niliiandika kwenye mtihani bila woga, maana neno lile halina rika, unaweza kumwambia mtoto au babu yako. Nikija kwenye Kiswahili naanza kutafuta heshima ya kulifunikia, na nikifikiria Kikurya ndiyo kabisa, nakuona wewe umekaa kwenye kigoda unaniangalia.

Sasa siku yenyewe. Lori la bluu liliingia chini ya winchi, dereva wake anaitwa Side. Alikuwa na sahani ya wali na maharage juu ya usukani, na simu inachaji. Kontena likaanza kuja. Nikamsogelea dirishani.

"Samahani kaka, naomba ushuke usimame kwenye mstari."

"Wewe si ndiyo Shikamoo?" akasema, mdomo umejaa. "Mdogo wangu, mimi nimeanza kubeba makontena wewe bado unanyonya. Niache nile."

"Lakini kaka, utaratibu..."

"Utaratibu utanipashia chakula?"

Hapo ndipo ilipo sehemu asiyoijua Mwita. Nilitakiwa niseme redioni "simama" mpaka ashuke. Nikaona aibu. Nikaona ataniona najifanya bosi, na malori ya nyuma yalishaanza kupiga honi. Nikasema, "Shusha, mzee." Mtu akiwa ndani. Nilijua, na nikasema hivyo hivyo.

Kontena likatua vizuri. Side akaruka chini haraka, akafunga loki za tela, vile vyuma vya kwenye kona vinavyolishika kontena lisiteleze njiani, halafu akarudi kwenye wali wake. Lakini huko juu fremu ya winchi, ile inayolishika kontena, ilikuwa bado haijaachia kona moja ya kontena. Winchi ikaanza kupanda. Kontena nalo likapanda. Na kwa kuwa kontena limefungwa kwenye tela, lori nalo likaanza kupanda.

Baba, niliona matairi ya nyuma yanaacha sakafu. Mbuzi angepita chini. Side kichwa kimetokeza dirishani, anasema, "Jamani! Mbona naona bahari? Nani ananiinua?"

Nilibonyeza redio. Nilitafuta neno la Kiingereza, halikuja. La Kiswahili likaja na "naomba" mbele, nikalitema. Lililotoka ni lile la shambani, nililozoea tangu kaka alipokwenda kutafuta kazi mgodini Kewanja, ukanipa mimi kuwaongoza maksai kwenye plau:

"Hooooo! Mabaka! Hooo! Simama wewe, nitakuvunja miguu!"

Winchi ikasimama palepale.

"Nashuka!" Side akapiga kelele, kashika mlango.

"Kaa humo! Ukigusa mlango nakuchapa!" Akaachia mlango. Aliyeanza kazi mimi bado nanyonya, akatulia na maharage kifuani kama mtoto aliyepelekwa kliniki.

Na kibaya zaidi, Baba, sikujirekebisha. Niliendelea, "Mabaka, shusha. Taratibu. Taratibu nimesema, Mabaka. Hapo. Hoo." Lori likakaa chini bila kishindo. Hakuna aliyeumia.

Mtu wa winchi ya pili akauliza redioni, "Mabaka ndiyo nani?" Na wa tatu, Mungu amsamehe, akalia kama ng'ombe.

Mzee Masanja alishuka. Anatembea polepole, mikono nyuma, na mimi nilishapiga magoti kwenye zege, helmeti ikaanguka ikabingirika mpaka miguuni kwake. Mwita alikuwa getini anaangalia, hapo ndipo alipochukua simu yake.

"Mzee, nisamehe. Mabaka ni ng'ombe wetu."

"Wa maziwa?"

"Maksai. Wa plau."

"Anavuta?"

"Anavuta, ila mbishi kwenye kona."

Akaokota helmeti akanivisha. "Mimi nimekulia nyuma ya plau, huko Usukumani. Ungeniamkia, mwanangu, sasa hivi ningekuwa natafuta marahaba na yule bwana yuko mawinguni. Ile hooo yako, mkono ulisimama wenyewe kabla sijajua ni wa nani." Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Kwa nini dereva alikuwa ndani ya lori?"

Side akadakia kwamba alirudi kuchukua simu, kosa ni lake. Alikuwa ananisaidia, na nafikiri alikuwa anajisaidia pia. Ningenyamaza, ingepita. Nilitamani sana kunyamaza, unajua mimi ni bingwa. Lakini nilikuwa bado nayaona yale matairi.

"Alikuwa ndani tangu mwanzo," nikasema. "Nilimwomba ashuke, akakataa. Nikaona aibu, nikasema shusha."

Dada Rehema hakupiga kelele, na hiyo ilinitisha zaidi. Alinipeleka pembeni akaniambia kuna lori aliloliona yeye mwenyewe likipanda hivyohivyo, likafika juu, ndipo loki ikaachia. Alisema tu, "Mke wa yule dereva bado anauza chai hapo nje. Mimi huwa sipiti hiyo njia." Kisha: "Kusimamisha winchi hakuna pongezi, ni kazi yako. Kushusha mzigo mtu akiwa ndani, hilo ndilo kosa."

Alininyang'anya redio. Wiki nzima kazi yangu ilikuwa moja, kutoa madereva ndani ya malori. Baba, nimewatoa wenye sahani, wenye magazeti, na mmoja aliyesema anaumwa mgongo hawezi kushuka. Nilimwambia basi kontena nalo haliwezi kushuka. Jana Dada Rehema amenirudishia redio. Amesema Mzee Masanja kagoma kufanya kazi na mtu mwingine, anataka yule wa ng'ombe. Fildi yangu wameiongeza, na ikienda vizuri watanichukua.

Kwa hiyo Baba, hapo palipochafuka wino niliandika "naomba unikubalie nisirudi." Nimeyafuta maneno hayo. Sirudi sasa. Keshokutwa kuna meli inafunga gatini na chini ya winchi ile atakayesimama ni mimi. Kama ni aibu, nitakuja nayo Krismasi nipige magoti mbele yako, useme yote, nami nitasikiliza mpaka mwisho. Lakini nikipanda basi leo kwa sababu ya Mwita, atakuja mwingine hapa anayeona aibu kama mimi, na hatakuwa amewahi kuliona lori likipanda.

Nisalimie Mama, umwambie nakula. Nisalimie Bibi mzaa baba, na umsomee barua hii kwa sauti kubwa, ila pale pa Side uruke. Mdogo wangu Robhi mwambie aache kumpanda Mabaka. Kaka wa Kewanja akipita, mwambie anipigie. Na Mzee Masanja anakusalimu, anasema ukichoka na yule maksai umjulishe.

Halafu wewe, Baba. Siku za mnada huwa unarudi kutoka Mugumu umekaa juu kabisa ya magunia kwenye lori, mguu mmoja nje, unapungia watu. Usipande tena huko. Kaa mbele na dereva, na kama mbele pamejaa, subiri gari lingine. Wazee wenzako wakicheka, waambie umekatazwa na binti yako.

Mwanao anayekupenda na anayekuogopa bado,
Ghati