Mtobwe wa Mwinyimvua wa Kaole

Mwaka umetimia, baba yetu Mwinyimvua, tangu homa ikuchukue hapa Kaole, Rajabu ya mwaka 1303 wa Hijria. Hitima tumekusomea, watu wamekula wameshiba. Lakini mwaka mzima huu mwanao Fatu alikuwa hatulii. Akiketi huinuka, akiinuka husahau alichoinukia.

Ulikuwa mpole, baba. Fundi wa kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, na hukuwahi kumwinulia mtu fimbo nje ya uwanja wa mchezo. Wanafunzi wakikuuliza, jibu lako lilikuwa moja: "Tazama." Kila alasiri ulijizoeza uani umeelekea jikoni, jua likikupiga usoni. Mama akikutania, "We mzee, geuka basi, utapofuka!" Ulicheka tu, hukugeuka.

Juzi watu wa Mbegani wakaleta neno: harusini kwa Abdullatif, mwanao Bwanausi asipoyakinga mapigo saba ya bingwa wao, watauchukua mtobwe wako, bakora uliyoichonga mwenyewe. Ndiyo ada ya mchezo. Fatu roho ikamruka. Alimjua kaka yake: maskini, macho yote kwenye ncha ya fimbo, na kila siku nundu mpya.

Akaiacha nazi kwenye mbuzi, akashika mwiko. "Kaka, nipige."

"Una wazimu? Mtoto wa kike!"

"Nipige, nimesema!"

Akapiga, mwiko ukakinga. Akapiga tena kwa hasira, wapi!

"Unatazama fimbo," Fatu akamwambia. "Fimbo huongopa. Tazama kisigino. Kikinyanyuka tu, pigo linakuja."

Siku ya harusi alisimama kati ya wanawake, anatafuna ncha ya leso. Bwanausi, macho kwenye kisigino cha mwenzake, akakinga pigo la kwanza, la pili, mpaka la saba, na yule bingwa akaweka fimbo chini. Mtobwe wako umesalia kwetu, baba, upo pale pale ukutani.

Nyumbani Bwanausi akauliza, "Nani alikufunza?"

"Baba. Nilikuwa nikimchungulia toka jikoni, naye hakujua."

Mama akaacha kupepeta mchele. "Hakujua? Jua lile alikuwa akilivumilia kwa ajili ya nani?"

Fatu akaketi sakafuni, akalia sana. Hakuinuka mpaka adhana ya magharibi.

Tunakukumbuka: mkeo Mwanajuma, mwanao Bwanausi, na Fatu uliyemfunza bila neno. Hatutakusahau, baba, maisha yetu yote.