Hapa Msichimbe

Mpendwa mjomba,

Leo kamati ya maji imekaa tena, na Mzee Salumu, aliyeanza kukupiga, alikaa mbele yangu.

Unakumbuka wafadhili walipotaka kijiji chenyewe kichague pa kuchimba kisima? Wewe mwenyekiti, mimi karani wako. Ulichora ramani chini kwa majivu, njia ya Nandagala hadi bondeni, ukawapa kina mama korosho waziweke wanapotaka maji. Wote waliweka bondeni. Wanaume kimya. Ukawatania, "Jamani, mmeshiba nini leo?" Watu wakacheka. Salumu hakucheka. "Fanyeni mnavyotaka," akasema.

Hatukujua. Sisi watu wa kuja, tulitahiriwa kwetu Mtua. Kumbe kule bondeni ndiko wanakowapeleka watoto wao jandoni, na mahali hapo hapatajwi mbele ya wanawake.

Wachimbaji walipoanza kufyeka, wanaume wakaja na marungu na mapanga. "Wa kuja wewe, unachimba wapi?" Rungu la Salumu likakupata kichwani. Ulipiga magoti, ukanishika suruali, damu yako ikanimwagikia miguuni, ya moto. "Kimbia, mwanangu." Nilikimbia nikisikia wanavyokukata, kama watu wanaopasua kuni.

Vijana wawili walifungwa. Salumu aliachiwa, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyemtaja. Tangu hapo hupita mlangoni kwangu na panga begani, ananisalimia kwa upole. Sijazoea.

Leo mkeo alisimama mkutanoni. Amekonda, mjomba, bado anachota maji mbali. Akasema, "Safari hii wanaume wachore kwao, sisi kwetu, halafu karani alinganishe." Nikabaki na wanaume. Nilimpa Salumu majivu. Nikamwonyesha chini.

Aliinama, akazungushia duara bondeni. "Hapa msichimbe."

Basi. Ilichukua muda wa kutema mate. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamuuliza, "Mzee, siku ile ungemwita mjomba pembeni ukamwambia hivyo, angekataa?"

Wenzake waliangalia chini. Yeye alijipangusa majivu mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Asingekataa," akasema.

Kisima kitachimbwa karibu na shule. Pumzika, mjomba. Mimi nimeegemeza meza mlangoni.

Mpwa wako, ambaye bado ni karani