Kopo la Mama Furaha

Jumamosi

Mkono bado unauma. Mwenyekiti wa soko letu la kanisa, hapa Hopkins, Marekani, aliamuru kila kitu kipimwe kwa mizani yake tu. Mama Furaha akaendelea kupima maharage kwa kopo, limefurika, na matabishi, ile nyongeza ya mnunuzi, juu, kama kwetu Bukavu. Mwenyekiti akalikanyaga likabonyea.

Darasani huwa nawafundisha wanafunzi wangu kwamba Athene ya kale ililazimisha visiwa ilivyovitawala vitumie sarafu, mizani na vipimo vyake ili kurahisisha biashara. Kurahisisha! Na mimi ndiye nilikuwa nasema hivyo.

Niliinyanyua ile mizani nikampiga nayo mdomoni. Jino likadondoka kwenye maharage.

Polisi wakija, sijui nitawaambia nini.

Nilipomgeukia Mama Furaha, alirudi nyuma, amekumbatia kopo lake, akinitazama vilevile alivyomtazama mwenyekiti.