Sanduku Nililokuletea Ukiwa Hai

Mama yangu wa Suna,

Ningeanza kwa shikamoo kama ulivyonifundisha, na wewe ungeitikia marahaba huku ukinicheka, maana hadi leo nikiisema haraka inatoka "sikamoo". Ulimi wa Homa Bay haujanyooka. Lakini sina uso wa kukuamkia, Bi Rukia. Ndiyo maana naandika badala ya kuja kusimama kwenye kaburi lako, ambalo sijalitembelea hata mara moja, ingawa kutoka bandani kwangu naweza kufika kwa miguu na kurudi chai ikiwa bado ya moto.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa ndio kwanza nimefungua lile banda kando ya barabara: mabati ya kuokoteza, meza moja, randa ya marehemu baba na msumeno wake. Homa Bay nilitoka kwa sababu moja tu. Karakana ya baba ilikuwa ya masanduku, na kwetu ukisema sanduku umesema la maiti. Mtu angefika na kamba ya katani iliyokatwa kwa urefu wa marehemu wake, aiweke mezani bila neno, na baba angeanza kuchagua mbao. Nililelewa kati ya kamba hizo. Baba alipofariki nikamwachia kaka yangu karakana, nikaapa kwamba hapa Suna, mjini Migori, nitatengeneza vitanda, milango na makabati, vitu vya watu wanaopumua.

Wewe ulikuwa mteja wangu wa kwanza. Ulisimama mlangoni na buibui lako, ukalikagua banda kutoka paa hadi sakafu, kisha ukasema, "Fundi, nataka mbuzi."

Nikakuelekeza soko la mifugo. Tena nilikuelekeza kwa heshima, nikatoka hadi nje kukuonyesha njia kwa kidole. Ulicheka ukaishiwa nguvu, ukaketi juu ya rundo la mbao. Ndipo nikajua kwamba kwenu pwani mbuzi ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Nikakitengeneza, ulimi akaufua Marwa, jirani yangu mchomeleaji anayetoka Kegonga. Ulipokuja kukichukua ukaniambia, "Mwanangu, ukipewa neno liulize kwanza linatoka wapi." Laiti ningelishika hilo, leo nisingekuwa naandika haya.

Jina langu Ochieng' ulikataa kulitamka. Ukaniita Ochengi, nami nikaitika. Kila ulipopita ukienda dukani kwa mwanao Athmani, pale anapouza vitambaa, kulikuwa na somo. "Sema shoka, si soka. Fundi gani hawezi kutaja shoka? Wataka mpira?" Marwa alikuwa akizima mashine yake ili asikilize. Na wateja wangu wa mwanzo, karibu wote, walifika wakisema wametumwa na Bi Rukia. Nakutajia haya ili ujue sijasahau. Mtu mwenye aibu hupenda kusahau, na mimi nimejaribu.

Kisha ikaja ile wiki ambayo hukupita. Nikasikia kwamba homa imekulaza. Asubuhi moja Athmani akaingia bandani mbiombio, simu sikioni.

"Fundi, nataka sanduku la mama. Mbao nzuri, liwe imara. Ijumaa nilipate."

Niliiweka randa chini. "Pole sana, ndugu yangu."

"Tushapoa."

"Na urefu?"

"Si wamjua mama? Limtoshe tu." Akaondoka, bado anaongea na simu.

Hakuleta kamba, kwa hiyo nikakupima kwa macho ya moyoni. Hiyo Ijumaa haikunishangaza, maana kwetu mtu hukaa mochari hata wiki mbili jamaa wakikusanyika. Kwamba nyinyi humzika mtu wenu upesi na hamumwekei sanduku, hilo sikulijua. Kahawa yako niliinywa muda wote ule na sikuwahi kukuuliza jambo lolote kuhusu dini yako. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, na ni ndogo ukilinganisha na zilizofuata.

Nililitengeneza nikilia. Niliapa nisiguse kazi ile tena, lakini kwa ajili yako nikasema acha nivunje kiapo. Nikaweka vishikio vinavyong'aa, kitambaa cheupe ndani, na kwenye kifuniko nikakata kidirisha cha kioo pale uso wako ungekaa ili watu wakuage. Msalaba tu ndio ambao sikuuweka, nikajisifu kwa busara yangu.

Ijumaa tukalipakia kwenye mkokoteni, mimi na Marwa. Nilivaa koti langu la kanisani. Tulipofika langoni kwako nikafanya kama tunavyofanya kwetu mtu anapoingia kwenye boma la msiba: nikapiga nduru. Nikapiga kwa moyo wote, nikakimbia kuzunguka ua mikono kichwani, nikikuita mama yangu, mama yangu, umeniachia nani. Watu wakajaa. Na wewe ukatoka jikoni na mwiko mkononi, unga hadi kwenye kiwiko.

Ulilitazama sanduku, ukanitazama mimi.

"Ochengi," ukasema. "Kafa nani?"

Marwa alikuwa ameshaachilia mkokoteni na kurudi nyuma hadi barabarani.

"Yaani wanijia na mimi hata sijala?"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, lakini Athmani hakucheka. Alinishika koti. Alikuwa ameagiza sanduku la nguo, Mama, lile la kuwekea kanga zako, kwa sababu ulilokuja nalo kutoka Mombasa lilikuwa limeliwa na mchwa naye alitaka kukufurahisha ukipona. Na mimi, badala ya kuomba radhi, nilimnyooshea kidole mbele ya mtaa mzima nikapaaza sauti, "Wewe ndiye uliyesema sanduku! Muulizeni! Alisema sanduku!" Nilikuletea kifo mlangoni, kisha nikamtupia lawama mwanao. Nikikumbuka sauti yangu ya siku hiyo nasikia joto usoni hata nikiwa peke yangu.

Athmani alitaka lichomwe pale pale. Ukamzuia kwa mwiko. "Mbao zimekosa nini?" ukauliza. Nikasema nitalirudisha bandani nilirekebishe. Ukakataa. "Likatie hapa. Walioliona likiingia hivi waone nalo likiwa vingine." Ukaletewa kiti, ukaketi kivulini mwa nyumba, na mimi nikavua koti nikaanza kukata mbele ya watoto, majirani na waendesha bodaboda waliosimamisha pikipiki zao ili wamwone fundi anayezika walio hai. Nililifupisha, nikalikuza kimo, nikang'oa kitambaa. Tatizo likawa kile kidirisha kwenye kifuniko. Nikachukua gundi na vumbi la mbao ili nikizibe kwa ubao wa kiraka usioonekana, kama mafundi wote tunavyofanya. Ukaniambia niache ujanja. Ukaingia ndani ukatoka na kioo chako cha kujitazamia.

"Tia hiki, kitazame kwa ndani. Nikifungua kuchukua kanga nijione kama bado nipo."

Likawa sanduku zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na mji mzima ukaniita Fundi Sanduku. Wewe ulilinyamazisha jina hilo kila ulipolisikia. Na siku moja bandani, ukiwa umeketi juu ya mbao kama siku ya kwanza, ukaniambia bila kucheka, "Siku yangu ikifika kweli, usije na masanduku yako. Sisi twachimba mwanandani, kijichumba ubavuni mwa kaburi, mtu alazwe humo, kisha huzibwa kwa vibao vifupi udongo usimwangukie. Hivyo vibao nataka vyako. Uvipige randa. Sitaki vibanzi."

Nikasema ndiyo, Mama. Ulinitaka nirudie, nikarudia.

Uliugua tena baada ya mvua ndefu, na safari hii haikuwa homa. Nilikuja kukuona. Nilifika langoni, na kijana mmoja wa bodaboda akanipigia kelele, "Fundi, umekuja kupima?" Utani tu. Kijana yule hana ubaya, hata stuli nimemtengenezea. Lakini miguu ilikataa. Nikageuka. Nikaja siku nyingine nikageukia kwenye kona kabla hata ya kuliona lango. Nilijiambia kwamba nakukinga, kwamba kwetu mtu aliyemletea mwenzake sanduku kabla ya wakati hapaswi kusogea karibu na kitanda chake. Uongo. Nilikuwa nachunga jina langu. Athmani ameniambia juzi tu kwamba ulikuwa ukiuliza, "Ochengi yuwapi? Bado yuko soko la mifugo?"

Nasikia ulikuwa ukicheka ukiuliza. Ingekuwa nafuu kwangu kama ungekasirika.

Kisha asubuhi ile nikamwona Athmani anavuka barabara, kanzu nyeupe, hana simu. Nikajua. Nikavua ndara zangu zisinisaliti kwa kelele, nikaingia stoo na kusimama nyuma ya mbao za mkaratusi. Nilisikia kila kitu.

"Fundi yuko wapi?"

"Alikuwa hapa saa hii tu," Marwa akasema. "Ochieng'! We Ochieng'! Sijui ameenda wapi huyu. Kuna nini?"

"Mama ametutoka. Kaacha neno kwamba vibao ni vya Ochengi. Tunazika baada ya adhuhuri."

Akangoja, Mama. Mwanao aliyefiwa alisimama bandani mwangu akaningoja, na mimi nilikuwa hatua chache tu, mdomo nimeufunika kwa kiganja. Kulikuwa na mbao nzuri mbele ya pua yangu. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Nilichopaswa kufanya ni kutoka na kusema niko hapa. Niliogopa wataniona na kusema, huyo, yule aliyemwitia kifo. Athmani akapumua, akaenda zake.

Vibao vikanunuliwa kwingine, na vilikuwa virefu. Nilijua hivyo kwa sababu Marwa alirudi mbio, akasema na nafsi yake kwamba wanahitaji kukata, akautoa msumeno wangu kwenye msumari wake ukutani. Nilimsikia. Nikamwacha auchukue. Kwa hiyo msumeno wa baba ulikuja kukuzika, mwenyewe nikabaki stoo. Uliporudi ulikuwa na udongo mwekundu kwenye meno. Sijaufuta hadi leo. Kazi zangu nimezikatia msumeno mwingine.

Siku iliyofuata nilikata vibao vyako. Najua ilikuwa upuuzi, umeshalala. Nilivikata kwa kipimo ulichonionyesha kwa mikono, nikavipiga randa, nikavipiga msasa, kisha randa tena, nikavipandisha kwenye dari ya banda. Vimekaa huko. Marwa ameviona na hajaniuliza.

Kilichonifanya niandike ni kwamba juzi Athmani alikuja. Tangu ulipoondoka nilikuwa nikimwona mbali nabadilisha njia. Safari hii alinikuta nimepiga magoti chini ya mlango niliokuwa nikiupima bawaba, sikuwa na pa kukimbilia.

"Fundi, nataka sanduku."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Sasa ni mazoea, namuuliza kila mteja, hata anayetaka kigoda. "Sanduku la nini?"

Alinitazama. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko chako kabisa, akalazimika kushika meza. "La nguo, Ochengi. Mwanangu anaolewa. La nguo!" Na alipomaliza kucheka, macho yalikuwa yamelowa, akajipangusa kwa mkono wa shati.

Nikaona nikinyamaza tena nitanyamaza hadi kufa. Nikasema, "Athmani, siku ile ulipokuja kwa ajili ya vibao, nilikuwemo. Nilikuwa stoo."

"Najua."

Sikuelewa.

"Ndara zako zilikuwa pale chini ya meza," akasema. "Nilizitazama muda wote nikikungoja."

Na hakumwambia mtu, Mama. Si Marwa, si majirani. Alizitazama ndara zangu akaenda kutafuta vibao kwingine na akaniachia jina langu. Natamani angenishika koti kama siku ile.

Nikapanda juu ya meza nikavishusha vibao vyako, nikavipanga mbele yake, nikamwambia vilikuwa vya nani na kwamba vilichelewa. Nikamuuliza kama ataniruhusu viwe kitako cha sanduku la mwanawe, kule chini nguo zinakolala. Nikasema akitaka vichomwe nitavichoma, ni haki yake.

Akaweka kiganja juu ya kibao cha kwanza, akakipitisha taratibu kutoka ncha hadi ncha, kisha cha pili, kisha vyote, kama anayetafuta kitu.

"Havina vibanzi," akasema.

Nikageuka nikajifanya natafuta penseli.

Sanduku la mjukuu wako naanza kesho. Kioo nitakitia kwa ndani. Msumeno nitautumia wa baba, na nitakuja kaburini kwako kabla ya kuufuta meno, nikusalimie vizuri. Nimekuwa nikijizoeza, Mama. Shikamoo. Shikamoo. Nikiisema polepole inatoka.

Mwanao aliyejificha,
Ochengi