Hukuwa Mtu wa Mzaha, Mama Watoto

Ni mwaka mmoja sasa tangu Jumanne ile, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, bomba la mvuke lilipopasuka kwenye mashine ya kunyooshea mashuka, nawe umesimama mbele yake. Ulikaa wodini siku mbili, ukatuacha.

Mama watoto, nilitaka kuandika matamu tu, kama wenzetu wanaotoa kumbukumbu gazetini. Nimeshindwa, kwa sababu ya barua ya hapo kwenu kazini, kwa dobi, kuhusu ajali ile. Wameandika kwamba marehemu alikuwa mtu wa mzaha. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Shule niliishia darasa la nne, lakini mzaha naujua. Mzaha ni kulichukulia jambo kama halina maana. Wewe ulikuwa na utani, na utani ni wa watu wanaojaliana.

Ile mashine uliiita Wifi kwa kuwa haikuisha kulalamika. Dada yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Miaka tisa uliisemea kwa lugha hiyo, na msimamizi wa zamani alikuelewa. Ukisema Wifi ana homa, fundi anaitwa. Ukisema Wifi kanuna, mkanda unakaguliwa. Ndivyo mlivyofanya kazi. Kisha wakubwa wakamleta mpya, mtoto wa ndugu yao, ambaye hakumwuliza mtu chochote.

Siku ile ulimfuata mara mbili. Mara ya pili, wenzako wanasema, hukucheka.

“Bosi, Wifi leo anatema moto. Mwite fundi, mimi simsogelei.”

“Mama, acha masihara. Mashuka ya hoteli yanasubiriwa.”

Ukarudi. Ungefanyaje?

Nyumbani uliniita Mzee wa Kununa. Nilikuwa nanuna makusudi ili uendelee. Jirani akiugua, ulimfulia na kumkunjia nguo, pembe kwa pembe, bila kuombwa. Mama yangu alipovunjika nyonga ulimchekesha hadi daktari akaingia kuuliza kuna nini. Huyo ndiye wanayemwita mtu wa mzaha.

Nimekwenda ofisini kwao mara sita kuomba neno hilo lifutwe. Karani ananiambia, mzee, hilo si tusi. Mkurugenzi yuko kikaoni. Kila nikienda yuko kikaoni, sijui viti vya humo vimepakwa gundi. Wanadhani sielewi. Neno hilo likibaki, kosa ni lako, na wao wanalala usingizi.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, mwanao fundi cherehani, binti zako wawili, mama mkwe wako, dada yangu, na akina mama wote wa zamu ya asubuhi. Siku haipiti bila jina lako kutajwa humu ndani, wala haitapita.

Nanyi mliotia saini barua ile, mnijibu moja tu: mfanyakazi akishasema mara mbili kwamba mashine ni mbovu, ni kazi ya nani kuizima?